Kisiwa cha Robben na Wajibu wa Wanaosimulia

Mtumishi wa serikali anayepelekwa Cape Town kuhudhuria mkutano, au mwalimu aliyebahatika kwenda huko kwa mafunzo, aghalabu hupata nusu siku ya mapumziko kabla ya kurejea nyumbani, na nusu siku hiyo huitumia kuvuka bahari kwenda Kisiwa cha Robben. Hufanya vyema. Ziara nzima, pamoja na safari ya boti ya kwenda na kurudi, huchukua muda wa saa tatu na nusu hivi. Arudipo Dodoma au Dar es Salaam huwa na picha ambayo wenzake ofisini wameshaiona mara nyingi: mlango wa nondo, mkeka, ndoo, na meza ndogo. Hicho ni chumba alichofungiwa Nelson Mandela. Akiulizwa ni nini kingine alichokiona, hujikuna kichwa kidogo, kisha akasema kwamba aliona pengwini.

Pengwini wapo kweli, na hapana ubaya kuwatazama. Wala hapana ubaya kuipiga picha nyumba ya mateso ya mtu aliyeheshimiwa na dunia nzima. Lakini kisiwa kile hakikuhifadhiwa kwa ajili ya chumba kimoja. Kati ya mwaka 1961 na mwaka 1991 maelfu ya wanaume walifungwa pale kwa sababu za siasa, na shabaha ya makaburu ilikuwa wasahauliwe: wasionekane picha zao, wasisikike sauti zao, wasitajwe majina yao. Ikiwa Mwafrika wa leo atavuka bahari ile na kurudi akiwa analijua jina moja tu, jina ambalo alilijua hata kabla ya kuondoka nyumbani, basi shabaha ile ya makaburu itakuwa imetimia kwa kiasi, tena kwa njia ambayo wao wenyewe hawakuitazamia.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Eneo lake ni kama kilometa za mraba 5, tambarare, chenye upepo mkali, na pwani ya bara iliyo karibu nacho zaidi iko umbali wa kilometa 7 hivi. Jina lake lilitokana na sili, wanyama wa baharini ambao mabaharia wa Kidachi waliwakuta hapo kwa wingi. Mfungwa aliyepelekwa nje kufanya kazi aliweza kuuona mji wa Cape Town na Mlima wa Meza nyuma yake. Mji ulikuwa karibu kiasi hicho, na bahari iliyo katikati ni baridi mno, yenye mkondo wenye nguvu.

Makaburu hawakuwa wa kwanza kukiona kisiwa hicho kuwa mahali pazuri pa kuwatupa watu. Mwaka 1658, miaka sita tu tangu Wadachi watie nanga katika Rasi ya Tumaini Jema, Autshumato, kiongozi wa Wakhoi ambaye alikuwa mkalimani wao, alipelekwa huko baada ya kudai ng'ombe wa watu wake walionyang'anywa. Akatoroka kwa mashua. Baadaye wakaletwa masheikh na wakuu kutoka visiwa ambavyo leo ni Indonesia, kwa kosa la kuupinga utawala wa Wadachi huko kwao. Mmoja wao, Tuan Guru wa Tidore, aliyefikishwa Rasi mwaka 1780, anasifiwa hadi leo kwa kuiandika Kurani yote kutoka moyoni, na alipofunguliwa akaanzisha madrasa mjini Cape Town. Waingereza nao walipoichukua Rasi waliendeleza desturi hiyo. Makana, aliyewaongoza Waxhosa kuushambulia mji wa Grahamstown mwaka 1819, alifungwa kisiwani akafa maji katika jaribio la kutoroka. Maqoma, jemadari mwingine wa Waxhosa, alifia huko mwaka 1873. Kisha tangu mwaka 1846 hadi mwaka 1931 wakapelekwa huko wagonjwa wa ukoma, na makaburi yao ndiyo ambayo basi la watalii huyapita mwanzoni mwa ziara, kwa mwendo wa haraka.

Gereza ambalo dunia inalijua lilianza mwaka 1961. Lilikuwa gereza la wanaume wasio Wazungu, chini ya usimamizi wa Wazungu. Tarehe 12 Juni, 1964, mahakama ya Pretoria iliwahukumu kifungo cha maisha watu wanane katika kesi iliyojulikana kwa jina la Rivonia. Saba walipelekwa kisiwani: Mandela, Walter Sisulu, Govan Mbeki, Raymond Mhlaba, Ahmed Kathrada, Andrew Mlangeni na Elias Motsoaledi. Wa nane, Denis Goldberg, alibakizwa Pretoria kwa kuwa alikuwa Mzungu. Watu waliohukumiwa pamoja, kwa kosa moja, na hakimu mmoja, hawakuruhusiwa hata kuteseka pamoja.

Hapa ndipo mtumishi wa serikali anapopaswa kusimama na kutazama kwa makini kuliko watalii wengine, kwa sababu jambo atakaloliona ni kazi ya ofisi. Miongoni mwa vitu vinavyoonyeshwa gerezani ni orodha ya chakula. Imepangwa kwa safu, kwa vipimo, kama ratiba yoyote ya bohari. Safu moja ni ya Wahindi na Machotara, safu nyingine ni ya Waafrika. Mwafrika alipimiwa nyama pungufu na sukari pungufu, na mkate hakupewa kabisa, kwa dhana kwamba mkate si chakula cha asili yake. Mavazi nayo yalikuwa na kanuni yake. Kathrada, mdogo kwa umri kuliko karibu wenzake wote wa Rivonia, alipewa suruali ndefu na soksi kwa sababu ni Mhindi. Sisulu, mtu mzima wa miaka 52, alipewa kaptura, kwa sababu katika hesabu ya makaburu Mwafrika hakukua akawa mtu mzima maisha yake yote.

Mambo hayo hayakufanywa na mtu mmoja katili aliyepandwa na hasira. Yalifanywa na makarani. Palikuwa na mtu aliyeketi mezani akakadiria ni wakia ngapi za sukari zinamtosha mtu mweusi, mwingine akaipiga chapa orodha ile, mwingine akaitia sahihi, mwingine akahakikisha kila asubuhi jikoni kwamba imetekelezwa kama ilivyoagizwa. Wote hao walilipwa mishahara, walipandishwa vyeo, na walistaafu kwa pensheni. Juu ya lango la kuingilia gerezani yaliandikwa maneno kwa Kiingereza na kwa lugha ya makaburu, na yapo hadi sasa, ambayo maana yake ni kwamba: tunatumikia kwa fahari.

Barua zilikuwa na ofisi yake pia. Mfungwa wa siasa aliingizwa katika daraja la chini kabisa, na mtu wa daraja hilo aliruhusiwa barua moja kila miezi sita, isiyozidi maneno 500, na mgeni mmoja kila miezi sita. Barua yenyewe ilisomwa kwanza na wakaguzi, na sehemu wasizozipenda walizikata kwa wembe, ikamfikia mwenyewe ikiwa na matundu kama wavu. Mwaka 1968 mama yake Mandela alifariki dunia. Mwaka uliofuata mwanawe mkubwa, Thembi, akafa katika ajali ya gari. Mara zote mbili aliomba ruhusa ya kwenda kuzika, na mara zote mbili akanyimwa. Maombi hayo yalipokelewa, yakafunguliwa jalada, yakajibiwa. Utaratibu wa ofisi haukuvunjwa mahali popote.

Machimbo ya chokaa nayo yanahitaji kutazamwa kwa utulivu, ingawa basi husimama hapo kwa dakika chache. Wafungwa wa Sehemu B, yaani wale waliohesabiwa kuwa viongozi, walipelekwa hapo tangu mwanzoni mwa mwaka 1965 na sululu na mabeleshi. Walielezwa kwamba kazi hiyo itadumu miezi sita. Ikaendelea kwa takriban miaka 13. Mwanga wa jua uliorudi kutoka kwenye chokaa nyeupe uliwachoma macho, na maombi yao ya kupewa miwani ya jua yalikataliwa kwa miaka kadhaa. Mandela alibaki na macho mabovu maisha yake yote yaliyosalia. Lakini katika machimbo hayo hayo pamechimbwa pango dogo, na humo ndimo walimokula chakula, walimojisaidia, na walimofundishana. Aliyejua historia alifundisha historia. Aliyejua uchumi alifundisha uchumi. Na palikuwa na watu walioingia kisiwani bila kujua kusoma wakatoka wakiwa na vyeti.

Mwalimu yeyote anayesikia habari hizo hujiuliza vitabu vilipatikana wapi na mitaala ilitungwa na nani. Ni swali zuri, na jibu lake ni fundisho lenyewe. Wafungwa waliigeuza kila ruhusa ndogo kuwa taasisi. Walipokubaliwa kucheza mpira, baada ya kuomba na kukataliwa kwa miaka, hawakuridhika kupiga mpira ovyo uwanjani. Waliunda Chama cha Mpira cha Makana, wakakiita kwa jina la yule jemadari aliyekufa maji, wakaandika katiba, wakagawa timu katika madaraja, wakafunza waamuzi, wakasikiliza rufani, na wakaweka kumbukumbu za vikao. Kumbukumbu hizo zimehifadhiwa. Mwaka 2007 FIFA ilikipa chama hicho uanachama wa heshima. Ni jambo la kufikirisha kwamba watu wale, wanaoandika kwenye vipande vya karatasi chini ya bunduki, walitunza majalada yao vizuri kuliko ofisi nyingi zenye makabati ya chuma na bajeti ya mwaka.

Na palikuwa na kitabu kimoja ambacho mwalimu wa fasihi hapaswi kukosa kuwaeleza wanafunzi wake. Mfungwa Sonny Venkatrathnam alikuwa na juzuu ya tamthilia zote za Shakespeare, akaibandika kadi za sikukuu ya Kihindu ya Diwali ili askari waidhanie kuwa ni kitabu cha dini. Ikapita kwa siri kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na wafungwa zaidi ya 30 wakatia sahihi zao, kila mmoja kando ya maneno aliyoyapenda. Mandela alitia yake tarehe 16 Desemba, 1977, mahali Kaisari anapozungumza juu ya woga na kifo. Tamthilia hiyo ni ile ile ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili na kuichapisha mwaka 1963. Watu wawili wa bara moja, mmoja Ikulu na mwingine gerezani, waliketi kwa nyakati tofauti na kitabu kimoja cha kigeni, wakakitafutia kazi katika shughuli yao.

Nusura maandishi ya Mandela mwenyewe yapotee pia. Katikati ya miaka ya 1970 aliandika habari za maisha yake kwa siri nyakati za usiku. Kathrada na Sisulu walizisoma na kutoa maoni, na Mac Maharaj na Laloo Chiba wakazinakili kwa herufi ndogo mno. Maharaj alipofunguliwa mwaka 1976 alitoka na nakala hiyo aliyoificha. Maandishi ya asili yalifukiwa katika bustani ya ua wa gereza. Mwaka 1977 askari walipojenga ukuta waliyafukua baadhi, na adhabu yake ikawa kwamba Mandela, Sisulu na Kathrada walinyimwa haki ya masomo kwa miaka minne. Makaburu walijua vizuri ni kitu gani kingewauma zaidi.

Msafara hauna budi kupita pia penye nyumba ndogo iliyo peke yake, mbali na gereza kuu. Hiyo ni nyumba ya Robert Sobukwe, na hapo ndipo wengi wa wageni huwa wamekwisha kuchoka na kutazama saa. Sobukwe alikuwa kiongozi wa chama cha PAC. Mwaka 1960 alifungwa miaka mitatu kwa kuwaongoza watu kuzikataa hati za kutembelea. Kifungo kilipomalizika mwaka 1963 Bunge la makaburu lilipitisha sheria ya kumruhusu waziri amzuie mtu aliyekwisha kutumikia kifungo chake, bila kesi mpya, mwaka hadi mwaka. Sheria hiyo haikupata kutumiwa kwa mtu mwingine yeyote. Sobukwe aliwekwa katika nyumba ile hadi mwaka 1969. Alikuwa na kitanda, vitabu na nguo za kiraia, lakini alikatazwa kuzungumza na wafungwa wengine. Wafungwa wa zamani husimulia kwamba wakipita karibu naye alikuwa akichota udongo na kuuacha umiminike polepole kati ya vidole vyake, nao wakaelewa. Alikufa mwaka 1978 huko Kimberley, akiwa bado amewekewa vikwazo.

Sobukwe hakuwa wa chama cha Mandela. Neville Alexander, aliyekaa kisiwani miaka 10 na akawa mmoja wa walimu wakubwa wa gereza lile, naye hakuwa. Vijana wa Soweto waliofikishwa huko baada ya maasi ya mwaka 1976 walikuja na mawazo yao, na wengi wao hawakuwa tayari kuwaamkia askari wala hata kuwasikiliza wazee. Palikuwa na ugomvi wa siasa katika vyumba vile, na mabishano yaliyodumu miaka. Chama kilichoshika serikali baadaye kina kishawishi cha kuwasimulia wageni habari za watu wake tu. Kishawishi hicho si cha Afrika Kusini peke yake. Kila nchi ya bara hili iliyopata uhuru kwa kupigania inakijua. Lakini historia ya ukombozi si mali ya chama kimoja, na gazeti la chama halina sababu ya kuona haya kulisema hilo.

Tarehe 11 Februari, 1995, wafungwa wa zamani zaidi ya elfu moja walirudi kisiwani kwa mkutano. Walipofika machimboni Mandela, wakati huo akiwa Rais, aliokota jiwe akaliweka chini. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, bila kupangwa. Rundo hilo la mawe lipo hadi leo. Halina maandishi wala majina, na hakuna jiwe lililo kubwa kuliko mengine kwa sababu ya cheo cha aliyeliweka.

Wafungwa wa siasa wa mwisho waliondoka mwaka 1991, na gereza lenyewe likafungwa mwaka 1996. Mwaka 1997 kisiwa kilifanywa makumbusho ya taifa, na mwaka 1999 UNESCO ikakiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kathrada, aliyekaa kisiwani miaka 18 na baadaye akawa mwenyekiti wa baraza la makumbusho hayo, alisisitiza kwamba hawakutaka kisiwa kiwe mnara wa mateso yao, bali ushuhuda wa ushindi wa utu. Kwa sababu hiyo uliwekwa utaratibu mmoja wa busara sana: ndani ya gereza mgeni hupokewa na mtu aliyefungwa humo kwa siasa. Huyo husimama katika chumba cha watu wengi, akaeleza alikamatwa wapi, alihukumiwa miaka mingapi, alilala upande gani. Hakuna kibao cha maelezo kinachoweza kufanya kazi hiyo.

Utaratibu huo sasa uko hatarini, na sababu ni hesabu ya kawaida. Kijana aliyefunguliwa mwaka 1991 akiwa na miaka 20 amekwisha kuvuka miaka 50. Wale wa miaka ya 1960 wengi wao wako makaburini. Mlangeni, wa mwisho kati ya waliohukumiwa Rivonia, alifariki mwezi Julai, 2020, miezi michache tu baada ya Goldberg. Wakati huo huo wafungwa wa zamani wamelalamika hadharani, zaidi ya mara moja, juu ya jinsi makumbusho yanavyoendeshwa, na boti zimeharibika mara nyingi kiasi cha kuwaacha wageni gatini. Mahali penye heshima kubwa namna hiyo panastahili mameneja wanaofanana na heshima yenyewe.

Wako wanaosema kwamba si haki kumrudisha mtu kila siku mahali alipoteswa ili asimulie mateso yake kwa mshahara, mbele ya watu wanaotafuna pipi na kushika simu. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Baadhi ya waongozaji hao wamewahi hata kuishi kisiwani, katika kijiji kile kile walichoishi askari waliowafunga. Lakini ni wao waliokubali kazi hiyo, na wengine wameeleza kwamba kusimulia kumewatua mzigo. Lililo la haki ni kuwalipa vizuri, kuwapumzisha, na kuwasikiliza wanapolalamika. Si kuwaondoa na kuweka vijana waliokariri maelezo. Wako tena wanaosema kwamba sauti zao zimerekodiwa, kwa hiyo hakuna litakalopotea. Kurekodi ni lazima, na kumefanywa kwa wingi. Ila mashine haiwezi kuulizwa swali ambalo mrekodi hakulifikiria. Mtoto wa shule wa Khayelitsha anayemwuliza mzee, mbele ya mlango wa seli, kama alimchukia askari aliyemfungia, hupata jibu lake mwenyewe, na jibu hilo pengine halijapata kutolewa kabla ya siku hiyo.

Jambo hili linaihusu Tanzania kwa namna iliyo wazi. Miongoni mwa wafungwa wa kisiwa kile walikuwamo wapiganaji wa SWAPO waliokaa katika kambi ya Kongwa, wakatoka hapo kwenda Namibia, na wakapambana na majeshi ya makaburu pale Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti, 1966. Walishtakiwa Pretoria kwa sheria iliyotungwa mwaka 1967, yaani baada ya tendo lenyewe, wakahukumiwa mwaka 1968. Andimba Toivo ya Toivo, aliyehukumiwa pamoja nao kifungo cha miaka 20, alifunguliwa mwaka 1984. Ndiyo kusema njia ya kwenda Robben ilipita Kongwa, katika majengo yaliyoachwa na ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioshindwa. Walikaa hapo FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA na ZAPU. Wengine walioa na kuzaa huko. Wengine walifia huko na makaburi yao yapo.

Kadhalika Mazimbu, Morogoro, ambako ANC ilianzisha shule mwaka 1978 katika shamba la zamani la mkonge, ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili, 1979. Mwaka 1992 majengo yale yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wanafunzi hupita kila siku karibu na makaburi ya wapigania uhuru wakienda darasani. Ni wangapi kati yao waliopata kuelezwa waliolala pale ni akina nani?

Zanzibar kipo kisiwa ambacho watalii hupelekwa kila siku kwa mashua kwa jina la Kisiwa cha Gereza. Ni Changuu. Gereza lililojengwa pale mwaka 1893 halikupata kutumika kama gereza. Liligeuzwa kituo cha karantini, na kivutio chake kikubwa leo ni kobe. Biashara hiyo inaendelea vizuri na haina haja ya kulaumiwa. Inachoonyesha ni kwamba nchi hii inao uwezo wa kumvusha mgeni bahari ili aone gereza lisilo na wafungwa, hali Kongwa, palipokuwa na watu wenyewe, mgeni anaweza kupita na basi bila kuonyeshwa chochote.

Kazi ya kukusanya habari si kwamba haikuanza. Brigedia Jenerali Hashim Mbita, Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika hadi ilipovunjwa mwaka 1994, aliusimamia uandishi wa historia ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika, na juzuu 9 zikachapishwa mwaka 2014, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Zimo ndani yake shuhuda za watu wengi. Tanzania pia ilikabidhiwa dhamana ya kuwa makao ya programu ya Afrika ya kuhifadhi urithi huo wa ukombozi. Sasa maafisa elimu wa mikoa na wakuu wa vyuo vya ualimu wajiulize kama juzuu hizo zimo katika maktaba zao, na kama zimo, kama zimepata kufunguliwa.

Wala si lazima kazi hiyo ingoje fungu la fedha kutoka wizarani. Mwalimu wa historia wa Kongwa au Morogoro anao wanafunzi, wanafunzi wanayo madaftari, na siku hizi karibu kila nyumba ina simu inayoweza kurekodi sauti. Wazee waliowauzia wapiganaji maziwa, waliowatibu, waliocheza nao mpira na waliogombana nao kisimani, bado wako. Msichana aliyekuwa na miaka 15 wakati ANC ilipofungua kambi Kongwa mwaka 1964 alizaliwa mwaka 1949. Huyo ndiye wa kuulizwa kwanza, tena muhula huu.